Tabia Yangu Kuanzia Februari

Viwanja Sitini,
Ifakara.
Jumamosi, 30 Novemba 2024.

Mpendwa Dada Rosemery,

Shikamoo dada yangu. Naanza na hiyo kabla ya yote, maana Mama amekaa hapa pembeni anachambua mchele na ameshaniuliza mara mbili kama nimekuamkia. Nimekuamkia.

Goti lako linaendeleaje? Nasikia baridi ya huko mwaka huu imewahi. Usipande zile ngazi na mifuko miwili kwa mkupuo kama ulivyozoea, mwachie Jane abebe, ndiyo faida ya kuzaa. Huyo mwanao hajambo? Sisi huku tu wazima. Presha ya Mama imetulia, anakula vizuri na anagomba vizuri, na unajua mwenyewe siku Mama akiacha kugomba ndipo tutakapomkimbiza hospitali. Kaka Beno bado yuko Mngeta na matrekta yake, anakuja kila baada ya wiki mbili na kurudi na nusu ya chakula cha nyumbani.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu zetu haziachi kulia. Ni amri ya Mama. Anasema maneno ya simu yanafutika, na jambo hili anataka ulishike mkononi. Sista Edna anarudi huko kwenu Graz Jumanne, ndiye mchukuzi wetu. Kakubali pia kilo mbili za mchele. Usiniulize sheria ya forodha inasemaje, hatujafika huko.

Basi ni kweli, nimeanza chuo. Mwaka wa kwanza wa sheria, Morogoro mjini, nikiwa na miaka arobaini na tisa na miwani mbili, moja ya kitabu na moja ya ubao. Cheti changu cha kidato cha sita Mama alikuwa amekitunza kwenye sanduku la bati miaka yote hiyo, kinanuka dawa ya nondo mpaka leo.

Wewe unajua sheria nilivyoanza kuisomea, kwenye viti vya ile korido ya ofisi ya vibali vya wageni, namba mkononi, miaka nenda rudi. Niliporudi nyumbani Februari kutoka huko nikamsindikiza Mama Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya mirathi ya Baba, kwa sababu nyumba ilikuwa bado kwa jina la marehemu. Mbele yetu alikaa mama mmoja wa Lumemo ameshika karatasi zake juu chini, na kila anayepita anamwambia lake. Nikasogea, tukazisoma moja moja mpaka akazielewa. Siku ile nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaamua, na tangu hapo moyo wangu haujageuka.

Lakini nusura nisiende, na ndiyo habari yenyewe ninayotaka uijue kwa urefu.

Chuo kilinipokea mwezi wa tisa na kikanitumia fomu za kujiunga. Moja ilitaka sahihi ya mzazi au mlezi. Nilicheka peke yangu, mtu mzima na mvi zangu natafutiwa mzazi, nikampelekea Mama kama mzaha. Fomu iko kwa Kiingereza, akaniambia nimsomee kwa Kiswahili, neno kwa neno, asije akasaini asichokijua. Nikamsomea. Kulikuwa na mstari mmoja unaosema kwamba mzazi anaifahamu tabia ya mwanafunzi na yuko tayari kuwajibika kwayo. Ningekuwa mjanja ningeuruka. Ndiyo hivyo, mwanasheria mtarajiwa nikautafsiri wote.

Mama akaweka ungo chini, akaichukua fomu, akaweka kidole pale pale.

“Hapa umesoma kwamba ninaifahamu tabia yako. Mimi siifahamu.”

Nikacheka tena. Yeye hakucheka.

“Uliondoka una miaka ishirini na saba,” akasema. “Umerudi una mvi. Hapo katikati nilikuwa nasikia sauti tu. Yule aliyeondoka namfahamu. Huyu aliyerudi hakuja kumzika baba yake, na sababu aliyonipa haikunifika moyoni.”

Kisha akaendelea kupepeta, na fomu akaikalia.

Dada, iliniuma. Iliniuma kwa sababu alikuwa na haki. Wewe ndiye pekee uliyejua kwamba mwaka ule wa 2018 kibali changu cha kuishi huko kilikuwa kimeisha na kipya hakijatoka, nikitoka sirudi. Mama nilimdanganya kwamba kazini wamenikatalia ruhusa. Niliona aibu kumwambia mjane kwamba binti yake anaishi bila karatasi, na baadaye nikaona uongo umeshakaa, nikauacha ukae. Kumbe na yeye aliuona umekaa, miaka sita, na akaupikia kila siku kama mgeni asiyeondoka.

Wiki tatu hatukuizungumza ile fomu. Shikamoo yangu aliipokea, uji alinipa, lakini kila nikisema neno chuo anauliza kama kuku wamefungiwa. Nilipiga simu chuoni wakaniambia kwa umri wangu hata ndugu yeyote anaweza kusaini. Beno naye akajitolea, akasema kaka mkubwa ni baba. Mama akasikia akiwa jikoni, akauliza kwa upole sana kama Beno ndiye aliyenizaa. Beno alikumbuka ghafla kwamba ana safari ya Mngeta.

Ningeweza kwenda kusainiwa na mwenyekiti wa mtaa na mambo yakaisha. Sikutaka. Nilikaa ugenini miaka ishirini na miwili nikifika kila mahali kwa karatasi zilizosainiwa na watu wasionijua. Hii moja nilitaka isainiwe na anayenijua, na kama hanijui, basi hata kwenda sikuona maana. Nilianza kujizoesha kusema kwamba nitabaki nilime.

Hapo ndipo Mama alipokutafuta wewe bila kuniambia, na wewe ukamjibu kwa ule ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Mama aliusikiliza barazani, simu kaibana sikioni na huku spika imefunguliwa, Viwanja Sitini nzima ikanufaika. Mimi nilikuwa uani nafua. Nikakusikia unataja siku niliyofukuzwa kazi kwa kumjibu msimamizi. Nikakusikia unataja miaka minne ambayo kanisani nilikwenda Krismasi tu. Halafu nikakusikia unataja kibali. Nikaliacha shati kwenye beseni.

Nilikukasirikia, dada. Nisamehe, lakini nilikukasirikia kweli, nikasema huyu ameniuza kwa mama yangu. Na ulipofika kwenye siku ya maziko ya Baba nilitaka kuingia nizime ile simu. Ukamsimulia nilivyopika sufuria mbili za wali na maharage kwenye kile chumba chetu, nikagonga milango ya ghorofa zote nne, nikawaambia watu waje wale. Nilivyowapanga kwenye ngazi, sahani mapajani, Wazungu wale na yule mama wa Kituruki, wakala msiba wasioujua ni wa nani. Na yule bibi wa chini aliyerudi na keki, akifikiri ni siku yangu ya kuzaliwa, na mimi nikaipokea na kumshukuru kwa sababu sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Ujumbe ulipoisha Mama aliurudia. Akaurudia tena. Kisha akaniita, nikaenda na mapovu mikononi. Nilijua nitaulizwa kuhusu kibali, nilikuwa nimeshaandaa jibu la kweli.

“Ulipika mchele gani?” akaniuliza.

Nikamwambia wa dukani, wa Kithai, haunukii kama wetu.

“Masikini,” akasema. “Baba yako angelalamika.”

Akalia, dada. Mama ambaye kwenye matanga hatukuambiwa kama alilia. Nami nikalia, tukakaa pale barazani watu wanapita wanatuamkia na hatuitikii. Nilimwomba msamaha kwa ule uongo. Alisema karatasi ni jambo la serikali, lakini mtu anapofiwa akapika, huyo ni mtoto wake anamfahamu. Kisha akanigombeza kwa kuwapa watu wali wa msiba bila kuwaambia marehemu ni nani, maana hata pole hawakuweza kutoa.

Kesho yake asubuhi akanituma mjini nikatoe kopi ya ile fomu ikiwa bado tupu. Nikadhani anataka kumbukumbu. Niliporudi akavaa miwani, akaomba kalamu ya wino wa bluu, akaandika. Sahihi ilimtosha nusu mstari, lakini maelezo yakazunguka mpaka pembeni mwa karatasi. Nakunakilia yalivyo:

“Mimi Agnella ni mama yake mzazi. Tabia yake ninaifahamu kuanzia Februari mwaka huu. Ni nzuri, ila anaamka na hasira na hamalizi palizi. Ya miaka ya nyuma muulizeni binti yangu Rosemery, aliyekuwa naye.”

Na namba yako ya simu chini, yenye makosa mawili, kwa hiyo hawajakupigia.

Siku ya kujiandikisha mlinzi alinielekeza kwenye hema la wazazi. Sikubisha. Nilikaa pale nusu saa, nikapewa soda, mama mmoja wa Mahenge akaniuliza mwanangu anasoma nini. Nilipofika dirishani, dada wa kupokea fomu aliisoma ile, akamwita mwenzake wakaisoma wote, akaniuliza Rosemery ndiye nani. Nikamwambia ni dada yangu. Akagonga muhuri.

Masomo ni magumu lakini yananikubali. Kufundishwa ni Kiingereza, na kichwa changu bado kinatafsiri kupitia Kijerumani kabla ya kufika nyumbani. Darasani wote ni watoto wa miaka ishirini, kwa hiyo siwezi kuchelewa hata nikitaka, maana nikiingia shikamoo zinaanzia mlangoni mpaka kiti cha nyuma na somo linasimama. Mwalimu wetu wa sheria ya mikataba ana miaka thelathini na nne. Naye ananiamkia, kisha ananipa kumi na moja kati ya ishirini. Marahaba haiongezi maksi.

Nimekuja nyumbani wikiendi hii kusaidia kusafisha shamba la Lumemo kabla mvua hazijakolea. Palizi ya msimu huu nitaimaliza, nimeapa. Nimetulia, dada. Sijui nikueleze vipi. Jioni nasoma pale barazani, Mama ananiuliza nimejifunza nini leo, nikimweleza ananipinga, na mara nyingi anashinda.

Sasa sikiliza hili. Jana nilifungua sanduku la bati kutafuta kitenge anachokutumia, nikaikuta ile kopi ya fomu imekunjwa chini ya picha ya mama yako, marehemu mama mkubwa Katarina. Nikaikunjua. Mahali pa jina la mwanafunzi pameandikwa ROSEMERY, kwa herufi kubwa, wino wa bluu. Mahali pa mzazi pana jina la Mama. Mahali pa sahihi pako tupu.

Nilimuuliza maana yake. Alisema dada yake amekufa na kumwachia mtoto, na huyo mtoto naye tabia yake haijui, amesikia sauti tu. Alisema hasaini asichokijua, aje kwanza amwone walau msimu mmoja wa mpunga.

Msalimie sana Jane, na yule bibi wa chini kama bado yupo. Mwambie ile keki ilikuwa ya Baba. Beno anakusalimu, na majirani wote, ambao sasa wanakufahamu kwa sauti. Mungu akulinde kwenye hizo ngazi na akufungulie njia ya huku.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye hata ulipomwaga siri zangu,

Paskazia.

Mama ameninyang'anya kalamu, haya hapa chini ni ya mkono wake:

Mpunga tunapanda mwishoni mwa Desemba. Jembe lako lipo. Mama yako, Agnella.