Nilimwekea Mke Wangu Alama ya Kijani

Shangazi mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ikishapita hata ukinijibu kwa wino wa dhahabu haitanifaa.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tisa, nina mke mmoja na binti mmoja wa miaka minane, zamani nilikuwa fundi majokofu na sasa huu ni mwaka wa nne nacheza poka mtandaoni kama kazi, na kabla hujanuna, Shangazi, ujue mimi si wale wanaotupa mshahara huku wakiomba dua karata zigeuke, mimi nasoma, napiga hesabu, nikiona hasira inapanda nazima kompyuta, sinywi, sivuti, na pale mezani wananiita Kobe kwa sababu sina haraka na sivunjiki kirahisi.

Tena nimejifunza mengi kuhusu mizani ya maisha, kwa kuwa mchezo huu humla mtu asiyejipanga, kwa hiyo nimebandika ratiba ukutani, asubuhi kukimbia, kisha maji glasi mbili, kisha kupitia makosa ya jana, kisha kunyoosha mgongo, saa tatu naingia mezani, na familia nimeipa nafasi yake rasmi, saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili kasorobo, kengele ya simu inalia mwanzo na mwisho, na Jumapili naipa dakika tisini nzima. Ndugu zangu wananicheka lakini nimepungua kilo saba na daktari kanisifu. Isitoshe, mashindano ya mtandaoni huwa na mapumziko ya dakika tano kila saa inapokaribia kutimia, na binti yangu ameshayakariri, siku za likizo anakaa mlangoni na hadithi yake mdomoni, ikifika dakika ya hamsini na tano anaimwaga kama mtangazaji wa mpira, nami naisikiliza yote, ila mara mojamoja inabaki nusu.

Sasa shida yenyewe. Sisi wachezaji makini tuna desturi ya kuandika habari za wapinzani wetu, huyu huogopa dau kubwa, yule akikawia kujibu ujue ana karata nzuri, na kila mmoja tunamwekea rangi yake. Mimi naandika kwenye daftari, na sijui shetani gani alinipitia, mwaka jana nikaanza kuwaandika na watu wa nyumbani, kwa nia njema kabisa, ili niwaelewe. Mama mkwe: "Haachi hata akiwa hana kitu. Usibishane naye ukiwa na njaa." Nyekundu. Binti: "Akitaka kitu huanza kwa kusifia shati." Njano. Mke: "Hutishia kuondoka mara mbili kwa mwaka. Hajawahi kutekeleza. Mkazie, atalegea." Kijani.

Wiki mbili zilizopita mke wangu, ambaye ni mwalimu wa kemia, alikuja na barua, ameteuliwa kuwa naibu mkuu wa shule katika mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi, akasema akikubali ataenda na mtoto, na jibu linatakiwa Ijumaa hii. Nikafungua daftari kidogo chini ya meza, nikasoma, nikamkazia. Nikamwambia, "Nenda basi, mlango uko wazi."

Hakulegea. Alinyoosha mkono akasema, "Lete hicho unachosoma."

Akausoma ukurasa wake akiwa amesimama, kisha akauliza, "Kijani maana yake nini?"

Nami, Shangazi, mtu ninayeweza kudanganya meza nzima ya watu tisa, siku hiyo nikasema ukweli. "Ni wale wanaolika kirahisi."

Hakupiga kelele. Aliondoka na daftari, akalirudisha kesho yake, na baada ya ukurasa wake ameandika wa kwangu, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni: "Mume. Akisema dakika moja, hesabu arobaini. Akidanganya hukuna sikio la kushoto. Baba yangu alipofariki, niliporudi kutoka mazikoni alinichemshia maji, akaniosha miguu, akakaa nami mpaka nikalala, wala hakutazama saa. Mtu yule simwoni siku hizi. Rangi: bado sijaamua."

Nimeurudia ukurasa huo mara nyingi na hesabu zangu hazikubaliani. Kwa upande mmoja, mwenye karata nzuri hasemi kwamba hajaamua, kwa hiyo huenda ananitisha tu, mimi naona ni sitini kwa arobaini. Kwa upande mwingine, ameshaulizia shule ya mtoto kule na ameanza kugawa sufuria. Nampenda mke wangu, Shangazi, nampenda sana. Wewe ni mwanamke mwenzake, niambie, anatisha au anaondoka kweli? Na je, niiongezee familia dakika ngapi?

Wako,
Kobe

*

Marahaba, Kobe.

Barua yako nimeisoma mpaka chai ikapoa, na pale penye dakika tisini za Jumapili nilivua miwani nikaifuta, nikidhani ndiyo yenye makosa. Umemweka mkeo kwenye ratiba chini ya kunyoosha mgongo, halafu unaniuliza umwongezee dakika ngapi! Huyo ni mke au ni dawa ya kikohozi?

Nikupe kwanza haki yako. Sitakugombeza kwa sababu ya karata. Hunywi, huchezei karo ya mtoto, na hasira unaujua mlango wake. Wapo wenye kazi za heshima, wenye tai na ofisi, ambao wake zao wananiandikia kila wiki kwamba mume yupo nyumbani kwa mwili tu. Kosa lako ni kwamba kila unapoinuka mezani unainuka na mchezo, unakuja nao mpaka jikoni.

Unajisifu kwa mizani. Mizani gani hiyo? Upande mmoja umejipanga wewe, mgongo wako, maji yako na kilo zako saba, upande wa pili umetundika kengele ya simu. Umejitunza ili ucheze vizuri, na hata familia unainywa kama zile glasi mbili, upate nguvu za kurudi kwa wapinzani. Mtoto wa miaka minane hapaswi kuijua dakika ya hamsini na tano. Anapaswa kukusumbua. Hiyo ndiyo kazi yake, nawe umemwachisha kazi.

Tuje kwenye daftari. Usinidanganye mimi mtu mzima, hukutaka kumwelewa mkeo, ulitaka kumshinda. Mara zote hizo alizotaja kuondoka kisha akabaki, ukaandika kwamba amelegea. Hakulegea, Kobe. Alikusamehe. Ulichukua msamaha wa mtu ukaupaka rangi ya kijani, na hapo ndipo niliposikia uchungu, nikatamani uwe karibu nikufinye.

Sasa unataka nichungulie karata za mkeo nikunong'oneze. Sichungulii. Na hiyo sitini kwa arobaini usimwambie mtu yeyote, hasa mama mkwe. Mwanamke ameandika kwa wino kwamba hajaamua, basi hajaamua. Wapo watu duniani ambao wakisema jambo ndilo hilo hilo, na wewe umemwoa mmoja wao. Ila nikuonyeshe kitu ambacho hesabu zako zimekiruka. Mtu aliyekata tamaa angelitia daftari lile motoni, amalize. Yeye aliketi, akakumbuka maji ya moto na miguu yake, akakuandikia. Bado anakutafuta, japo kwa hasira.

Kuna jambo lingine lililonichekesha peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Umepiga hesabu za kila namna, akienda, asipoenda, akitisha, akilegea. Hesabu moja tu hukuipiga. Kazi yako, baba, ni kompyuta na waya wake! Mkeo hawezi kuwa naibu mkuu wa shule kwa simu, lakini wewe unaweza kuwasumbua wapinzani wako ukiwa katika mji wowote wenye umeme. Wiki mbili nzima barua iko nyumbani, na katika kichwa chote hicho kilichojaa asilimia, hakikupita kiwazo kidogo kwamba unaweza kwenda naye. Wala hukumpongeza. Nimeitafuta hongera ndani ya barua yako, nimepindua karatasi na nyuma, sikuiona. Mwanamke kapandishwa cheo, mumewe kamwonyesha mlango.

Fanya hivi, na ufanye leo, usingoje Alhamisi. Kompyuta izime kabisa, simu uiache chumbani. Akitoka kazini umpokee mkoba. Kwanza mpe hongera. Kisha muombe samahani, samahani isiyo na "lakini", na usithubutu kumweleza desturi za wachezaji makini. Daftari mkabidhi, alifanyie apendavyo, hata akiwashia jiko. Ratiba ibandue. Ukitaka kubandika kitu, bandika saa za kazi peke yake, ziishe mtoto anaporudi kutoka shule, na siku moja katika wiki karata usiziguse. Saa zinazobaki huna haja ya kuzigawa, ziishi tu. Na mwanao akija na hadithi yake katikati ya mchezo, tupa karata umsikilize. Umeshatupa karata maelfu kwa kuwaogopa watu usiowajua hata sura, utashindwaje kutupa mbili kwa ajili yake?

Ukishamaliza hayo yote, muulize swali moja, "Nikija nanyi, mtanipokea?" Kisha nyamaza, umwachie nafasi ya kufikiri, na usimsome uso. Akisema ndiyo, fungasha vyako. Akisema hapana, msaidie kufungasha vyake, ulibebe wewe begi lililo zito mpaka kituo cha basi, na Jumamosi inayofuata uwe mgeni wao wa kwanza kugonga mlango.