Khanga ya Bandani

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Watu wa matanga wameondoka. Violet naye amerudi kazini Dodoma, kutwa anapiga simu kuuliza kama nimekula. Nimekula, mwanangu. Kazi iko kwa kuku wa mama yako.

Mke wangu Dominika aliwaleta vifaranga kabla ya Krismasi, kwenye boksi. Eti kustaafu si kukaa kibarazani. Nikamwambia mimi ni mwalimu, habari za kuku sizitaki. Akacheka tu. Akawalea mwenyewe, akiwasemesha kama watoto wa chekechea. Sasa yuko makaburini Lukuledi, na kuku wamekuwa wakubwa. Hawajataga bado.

Leo nimefungua mlango wa banda — balaa! Wameruka, wakalaliana kwenye kona moja. Nilipowatenganisha, mmoja chini alikuwa amekufa. Nimemzika nyuma ya mkorosho. Makaburini sikulia. Leo nimelia, kwa kuku.

Alhamisi, 10 Aprili

Wamekufa wengine. Wananiona mimi kama kicheche aliyekuja kuwala.

Khanga yake ya kijani bado iko kwenye msumari wa mlango wa banda, inanuka pumba na moshi. Niliishusha nifutie mikono. Wakanyamaza. Wote, shingo zimenyooka, wanaitazama.

Nikajitupia mabegani. Wakanijia miguuni, wakinizunguka kwa sauti ya chini.

Jumapili, 13 Aprili — Matawi

Kila alfajiri najifunga sasa, upande mmoja kiunoni, mwingine kichwani, kama alivyokuwa akijifunga yeye. Leo nimejisikia nikisema, “Haya wanangu, taratibu.” Maneno yake. Sauti nayo sikuitambua vizuri. Labda ni mafua.

Nimetoka misani, jirani yangu Anifa ananingoja uani. Shikamoo Baba Violet, marahaba. Akasogea. Nisimwone mwehu, lakini amemwona Mama Violet bandani, na khanga yake ileile. Amesoma dua, amejifungia ndani.

Nilitaka kusema ni mimi. Mzee mzima, khanga kichwani! Aibu ikanifunga mdomo. Nikasema, Mungu amrehemu.

Ijumaa, 25 Aprili

Yai! La kwanza. Dogo, lina mchirizi wa damu, bado la moto. Nikageuka kumwonyesha. “Dominika, tazama.” Kwa sauti kabisa.

Kuku wote walikuwa wametazama mlangoni.

Jumatano, 30 Aprili

Mtaa mzima unajua. Mayai hayanunuliki — wanayaita mayai ya marehemu. Nayala mwenyewe, asubuhi na jioni.

Juzi nililala Lukuledi, kupanga misa ya arobaini. Jana nimerudi mchana, roho juu, najua nitakuta maafa. Wapi. Wametulia, maji yapo, wameshiba. Nashukuru.

Habari imefika mpaka Newala. Shemeji Justa, mdogo wake Dominika, amepiga simu. Jumamosi nguo zote zigawiwe kwa ndugu wa tumbo lao kama desturi, na hiyo khanga iwe ya kwanza. Dada yake hapumziki kwa sababu nimemshikilia nguo. Nikakata simu. Bila khanga kuku wanakufa. Na mimi nitabaki na nini chake?

Jumamosi, 3 Mei

Arobaini. Nguo zimetandazwa mkekani, Justa anagawa. Akauliza khanga iko wapi. Nikasimama mbele ya wanawake wote, nikasema: mnayemwona bandani ni mimi. Naivaa kwa ajili ya kuku.

Kisha Justa akacheka mpaka akafuta machozi, wakacheka wote, nami nikacheka. Mara ya kwanza tangu msiba. Anifa peke yake hakucheka.

“Baba Violet, na Jumanne alfajiri? Si ulikuwa Lukuledi?”

Nikaenda kuichukua msumarini. Justa akaikunja khanga, akaitia kwenye mfuko wake. Imekwenda Newala. Niliiachia, lakini mkono ulikuwa mzito.

Jumatatu, 5 Mei

Alfajiri, kibarazani. Daftari gotini, ndoo ya chakula miguuni.

Jana niliingia na shati. Wakalaliana, nikazika tena. Leo nimekwenda polepole, nikakohoa kwanza, wasishtuke. Nimefika mlangoni, mkono kwenye komeo, nikasikia ndani ile sauti yao ya chini. Ile ya kumzunguka mtu miguuni. Nikarudi hapa kukaa.

Anifa anafagia upande wa pili wa ua. Ameinua kichwa, anatazama bandani, si kwangu. Ameacha kufagia.

“Shikamoo, Mama Violet,” amesema, kwa adabu zote.

Sijasikia akiitikiwa. Masikio yangu ya uzee. Anifa ameendelea kufagia kama aliyejibiwa.

Siogopi. Nikifungua nikamkuta, nitampa ndoo yake, nimwambie wanataga. Lakini nikifungua nisimkute —

Wamenyamaza sasa. Nainuka.