Jina la Anselmi, Mpishi

Mjukuu wangu Koku,

Shikamoo yako imefika na barua, marahaba. Huku Kimuli tunakula vizuri, na shangazi yako amejifungua msichana. Unauliza kwa nini kanisani tunalisoma jina la kaka yangu Anselmi pamoja na askari waliokufa vitani, ilhali alikuwa mpishi.

Vita vilipokwisha, mimi binti wa shule nilipewa karatasi kanisani niyasome majina ya marehemu. Anselmi, aliyeuawa Burma akiwapelekea wenzake uji, hakuwemo. Mama alikuwa amekaa mbele, akilingoja jina la mwanawe. Nilipofika mwisho, nikaongeza, "Anselmi, mpishi."

"Binti, huyo hayumo!" katekista akaninong'oneza.

Askari mmoja aliyerudi akasimama. "Mwache asome! Uji wake ulikuwa na madonge, lakini ulitufikia kila siku."

"Madonge?" Mama akafoka. "Mwanangu nilimfundisha mimi!"

Kanisa zima likacheka. Yule askari akampa Mama punje za kahawa ya kutafuna kwa mikono miwili, kama kwetu apewavyo mgeni wa heshima. Mama akaipokea, naye akacheka.

Katekista akatoa penseli. "Tumwandike mpishi au askari?"

"Mwandike Anselmi," Mama akasema. "Watakaouliza tutawasimulia."

Nimefurahi umeuliza.

Bibi yako