Mama Alipofika Mbele ya Kamati Yangu

Lincoln, Nebraska
Jumapili jioni

Kaka Duane mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama huko Alaska, wewe na Sherry na lile jibwa lenu, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ila mafua ya hapa bungeni yanatembea meza kwa meza, na wiki hii ilikuwa zamu yangu. Mama ni mzima kabisa. Nalisema hilo mapema, maana najua ukiona nimekuandikia kwa mkono badala ya kupiga simu utadhani kuna msiba. Hakuna msiba. Jitilie kahawa tu, ukae chini.

Huku upepo wa kaskazini bado una meno. Korongo wa kwanza wameshaonekana kwenye mto Platte, wale wachache wenye haraka kuliko wenzao, kwa hiyo machipuko hayako mbali.

Mwaka huu wamenirudisha tena kwenye kamati ya afya na huduma za jamii. Niliomba kilimo, nikaambiwa kilimo kimejaa, tena kimejaa wazee wasiokubali kutoka mpaka wabebwe. Basi nikarudi kwenye kiti changu kilekile, kwenye chumba kilekile ambacho hita yake inakohoa kuliko sisi.

Msimamo wangu unaujua, maana wewe mwenyewe ulinisaidia kuutunga kwa ajili ya vile vipeperushi vya kampeni: fedha ya jimbo isishikilie kitu kisichoweza kusimama chenyewe. Kwa msimamo huo nilipinga ruzuku ya uwanja wa ndege wa wilaya yetu, na watu wakanipigia makofi. Kwa msimamo huohuo, mwaka huu niliandika muswada wa kuondoa nyongeza ya jimbo kwa makao ya wazee ambayo nusu ya vitanda vyake ni vitupu, ili wazee wahamishiwe kwenye makao makubwa ya mjini. Niliuandika mwenyewe, neno kwa neno, na niliupenda kama mtu anavyopenda shati alilolishona kwa mkono wake. Nilijua makao ya pale kwetu Verna yangefungwa. Sikujificha. Krismasi nilimweleza Mama jikoni, yeye akipaka siagi kwenye kolache zake, vile vimikate vitamu vya plamu; vya boga aliviacha tangu Baba afariki. Hakubisha. Aliuliza tu kama siku ya kuujadili mtu yeyote anaweza kuja kusema. Nikamwambia katika bunge letu hakuna muswada unaopita bila kusikilizwa na wananchi, na yeyote anakaribishwa, hata aliyegombana na paka wake. Akasema vizuri, akaendelea kupaka siagi.

Unajua tangu mwaka juzi Mama huenda kwenye yale makao kila mchana. Sote tulidhani anajitolea kulisha wagonjwa. Wewe ulimtania kwamba ni bibi kizee anayelisha wazee, naye akacheka sana, na sasa naelewa kwa nini alicheka vile.

Kikao kilikuwa Alhamisi. Utaratibu wetu ni huu: shahidi anaketi kwenye kiti cha mbele, anataja jina lake na kulitamka herufi kwa herufi ili karani aliandike, anasema kama anaunga mkono au anapinga, kisha taa inawashwa. Ya kijani, sema. Ya njano, malizia. Ikiwaka nyekundu unanyamaza hata kama uko katikati ya neno, isipokuwa mjumbe wa kamati akuulize swali. Mwenyekiti wetu, Wendell Ruhl, hana mchezo na taa ile. Amewahi kumnyamazisha shemeji yake mwenyewe.

Niliuwasilisha muswada vizuri, kaka, sijisifu. Wakaja waliouunga mkono. Wakaja waliopinga: daktari mmoja, kisha mkurugenzi wa makao ya Verna. Halafu nikaona lile koti la kijani ulilomtumia Mama kutoka Anchorage linakuja taratibu katikati ya viti, nyuma yake mpishi wa makao akiwa amembebea mkoba. Alikuwa amemleta kwa gari, kwenye theluji ile.

Mwenyekiti akamwomba jina. Mama akakisogeza kipaza sauti kama anayeondoa sahani chafu, akasema anaitwa Adeline Pospisil, jina la ukoo lisilo letu. Akalitamka herufi kwa herufi, polepole, na karani akaandika. Wendell, ambaye amekula kolache nyumbani kwetu zaidi ya mara moja, akanitazama. Mimi nikatazama karatasi zangu. Nilidhani ni uzee umeanza. Kisha akasema anaishi Verna, anapinga muswada, na kwa haki anapaswa kutangaza kwamba ana maslahi katika jambo hili, kwa kuwa mume wake anaishi kwenye makao hayo.

Ndiyo, kaka. Milo Pospisil, dereva wa basi letu la shule, yule aliyekukalisha kiti cha mbele mwaka mzima kwa sababu ya yule chura uliyempandisha basini. Walifunga ndoa mwezi wa kumi kwenye chumba cha kulia cha makao. Padri alikuja, mashahidi wakawa mpishi na muuguzi, na keki ilikuwa mikate ya mdalasini, kwa sababu ilikuwa siku ya maharage ya pilipili, ambayo kwetu huliwa na mikate hiyo, na hawakutaka kumbughudhi mpishi. Milo alipata kiharusi, maneno aliyobaki nayo ni machache. Lakini Mama aliwaambia waheshimiwa kwamba "ndiyo" anaisema vizuri sana, na siku ile ndiyo iliyohitajika. Chumba kizima kikacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira, Duane, na nilimwonea Baba uchungu. Kila Jumapili naongea na mwanamke huyu kwa simu, ananieleza mpaka bei ya mayai, na hili alilimeza.

Akaendelea kwa utulivu, bila kulia, bila kubembeleza. Alisema hajui hesabu za serikali, na kwamba seneta aliyeuandika muswada huu hesabu zake ni sahihi tangu akiwa mtoto, naye hagombani nazo. Amekuja kusema jambo moja tu. Akasema, "Mchana, Milo na mimi," na taa ikawaka nyekundu.

Mama akafunga mdomo. Unamjua. Ni mtu anayesimamisha gari kwenye kibao cha simama katikati ya malisho, hakuna gari wala ng'ombe. Akakunja mikono juu ya mkoba, akangoja kuruhusiwa kuondoka.

Wendell akauliza kama kuna mjumbe mwenye swali. Hakuna aliyetaka kuingia kati ya mama na binti yake Lorene. Kura nilikuwa nazo. Ningenyamaza tu, Mama angeshukuru na kuinuka, na muswada wangu ungepita jioni ileile.

Nikabonyeza kitufe changu. Bungeni shahidi huitwa kwa jina alilolitaja, na jina lile sikutaka kulitamka, maana nikilitamka nimelikubali. Nikasema, "Bi Pospisil, ulikuwa unasema nini kuhusu mchana?"

Ndipo aliponitazama. Akasema, "Asante, Seneta. Nilikuwa nasema kwamba mchana tunakula pamoja. Baba yake Lorene alipofariki, nilikuwa nakula nimesimama kwenye sinki, maana sikuona sababu ya kuandaa meza. Sasa nakula nimekaa. Huko mnakotaka kumpeleka ni mwendo wa saa mbili, na mimi siruhusiwi tena kuendesha gari barabara kuu. Ni hilo tu."

Mwenye muswada ana haki ya kusema neno la mwisho. Mimi, ambaye tangu utoto hujawahi kuninyang'anya neno la mwisho hata siku moja, nilisema sina la kuongeza. Kisha nikaiomba kamati iuweke muswada kando.

Kwenye ukumbi wa nje nilimuuliza kwa nini alinificha. Akasema angeniambia mapema ningelazimika kutangaza maslahi na kumpa mwingine muswada, na watu wangesema Adeline amemfunga binti yake mdomo. Alitaka nimsikie kama ninavyowasikia watu wengine, kwa dakika zilezile na taa ileile. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Sikudanganyi, kaka: sijaubadilisha msimamo wangu wote. Fedha bado haitoshi, na mwaka ujao lazima niitafute mahali. Waliochapisha vile vipeperushi hawapokei simu zangu, na kwenye uchaguzi wa mwezi wa kumi na moja huenda kiti kikaniponyoka. Hilo nitalibeba. Kinachoniuma ni kingine. Mama alikaa mbele ya kamati nzima bila kutetemeka, lakini nilipolitaja jina lako pale ukumbini aliufungua mkoba wake na kuufunga mara tatu bila kutoa kitu. Anakuogopa wewe. Anajua ulivyompenda Baba, na anaamini utasema amemsahau. Mimi nilimwona akisema habari za lile sinki, Duane. Hajamsahau.

Ndiyo maana nimekuandikia kabla hujakutana na picha za kikao kwenye simu yako. Pasaka tutakula makaoni Verna, na viti viwili vimewekwa kwa ajili yenu. Milo anauliza, Mama akimtafsiria, kama bado unafuga vyura.

Msalimie sana Sherry. Goti ulikande kwa maji ya moto, usijifanye kijana. Na umpigie Mama simu, nakuomba, wiki hii hii. Ila usimpigie saa sita mchana. Saa hiyo anakula, amekaa.

Mdogo wako akupendaye,
Lorene