Uji Uliochelewa Kuiva

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Mlowo kahawa imeanza kuiva, na mguu wa mama yako umepona.

Umeuliza kama ni lazima upite kwangu kunywa uji wa mchele wa kukuaga kabla ya kuvuka mpaka wa Tunduma kwenda kazini Zambia.

Siku kaka yangu alipoondoka kwenda kuchimba dhahabu Saza, mama aliniambia nimpikie uji wa kumuaga. Niliogopa shimo litamfukia. Nikazimwagia kuni maji, nikidhani uji usipoiva hataondoka. Lori lililokuja kumchukua likapiga honi. Akanishika kichwa, akasema, "Basi, dada, utanipikia nikirudi." Uji ulikuja kuchemka yeye ameshaondoka.

Hakurudi. Mpaka leo nikisikia honi ya lori, natoka mlangoni kutazama. Hofu yangu haikumzuia, Neema. Ilimfanya tu aondoke na njaa.

Safari yako naiogopa vilevile, sikufichi. Lakini pita, mjukuu wangu. Kuni nimeshazianika.

Bibi yako