Gari Lililofundwa Mara Mbili

Jumamosi. Upepo wa mwezi wa sita unavuma hapa Kinampanda tangu alfajiri, mkavu, na mabua ya alizeti shambani yananong'ona kama watu waliochelewa ibada. Jua lipo, lakini ni la mbali. Nimejifunika blanketi mbili na bado miguu ni baridi. Moyo wenyewe leo umetulia, labda ndiyo maana naandika.

Leo gari langu limefundwa upya.

Najua mafundi hawasemi hivyo. Elibariki, mjukuu wa marehemu dada yangu, mwenye karakana yake Singida mjini, husema "kutyuni". Mimi nilifundisha Kiswahili na jiografia mpaka nikastaafu, na neno hilo halipiti kooni. Siku aliponieleza kwamba ndani ya gari kuna kiboksi kinachoiamuru injini inywe mafuta kiasi gani, itoe cheche wakati gani, ijikaze wapi na ilegee wapi, na kwamba yeye huyabadilisha maagizo hayo kwa laptopu, nilimwambia, basi wewe unafunda. Mwana huketishwa na wakubwa wake, akaambiwa namna ya kuishi, na akitoka pale hatembei tena kama alivyoingia. Elibariki akacheka. Siku hizi anasema hivyo hata kwa wateja wake.

Gari hili nalipenda kuliko inavyomfaa mwanamke wa umri wangu. Nilikua wakati gari lilikuwa la misheni au la serikali. Ikaja miaka ya kupanga foleni ya sabuni. Kisha milango ikafunguliwa, na magari ya watu wengine yakaanza kuja kwa meli, yakiwa na harufu za watu wengine ndani. Langu lilichelewa, nililipata nikiwa mjane mwenye mvi. Binti yangu Naomi alitaka gari la heshima, pana, la kubeba magunia. Pale kwenye yadi mimi nikaingia katika hili dogo, la rangi ya maji ya ziwa Kitangiri asubuhi. Muuzaji akawasha. Kwanza sauti ya mwanamke ikasema maneno ya Kijapani, kwa adabu, kama mtu anayekukaribisha sebuleni. Kisha injini ikaunguruma chini ya mapaja yangu.

Nikasema, hili.

Maneno ya yule mwanamke sijui maana yake mpaka leo. Nayaitikia kila safari: salama mama, na wewe?

Muuzaji hakutuambia, na nadhani hakujua, kwamba gari lilikuwa limeshafundwa hukohuko lilikotoka. Kuna mtu aliketi nalo akaliambia likimbie. Nimemwota mara nyingi, hapa kwenye kiti changu cha kamba, ndoto zile za mchana ambamo unasikia kuku na bado umelala. Ni kijana mwembamba. Anapanda mlima wenye ukungu, barabara nyeusi, imelowa. Hageuki. Mimi nimekaa nyuma yake na sina maumivu popote.

Hospitali ninakotibiwa moyo iko upande wa magharibi, mbele ya Shelui. Kwenda huko ni kuteremka mlima Sekenke, na kurudi ni kuupanda. Naomi ndiye dereva. Siku za kurudi, malori yakikwea kwa kuhema, Naomi hupangua gia mpaka ya tatu, akakanyaga, na mimi nahisi mkono mpana ukinisukuma mgongoni. Miti inapita. Bonde linabaki chini na hospitali yake na vipimo vyake. Kwa kitambo hicho kifupi sina umri, sina jina la ugonjwa.

Sijawahi kumwambia mtu.

Mwezi uliopita tulipofika katikati ya mlima gari lilianza kugonga, sauti kama kokoto ndani ya kopo. Likatetemeka, likaishiwa nguvu mbele ya lori. Naomi alisogea pembeni. Elibariki alipolisikiliza alisema kosa si la injini. Yule Mjapani alilifunda kwa mafuta ya kwao, makali, na kwa hewa ya kwao. Hapa kwetu linajitahidi kutii amri ambazo haliwezi, na likiendelea litajiua. Naomi akaamua palepale: aliwekee programu mpya, ya upole. Gari la kumpeleka mama hospitali si la mashindano.

Ni kweli. Nilitikisa kichwa kukubali.

Basi leo Elibariki amekuja, Naomi akiwa mazoezi ya kwaya. Akanipa shikamoo yake akiwa ameinama vizuri, nami nikamwitikia marahaba mume wangu, chai iko jikoni jihudumie. Akaunganisha waya chini ya usukani, akafunga chaja kwenye betri ili umeme usishuke katikati ya kazi, akatazama kioo cha laptopu kwa muda mrefu. Kisha akaguna.

"Bibi, huyu mume wako wa Kijapani ana wivu. Amefunga kila mlango."

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema kwa kawaida kabla ya kuandika maagizo mapya huchukua nakala ya yale ya zamani, ayatunze, ili mtu akijuta arudishiwe. Haya yamefungwa. Yeye hawezi kuyasoma wala kuyanakili. Anachoweza ni kuandika juu yake tu, na yakishafutwa yamekwenda, hata aliyeyatunga hataweza kuyarudisha.

Upepo ulikuwa unacheza na kifuniko cha injini.

Hapa naungama, maana ukurasa huu wa mtandaoni mjukuu wangu mmoja alinifungulia niseme ukweli, na wasomaji wake ni wachache na wapole. Mchungaji akija kunipa ushirika huniuliza kama niko tayari, nami hujibu niko tayari. Naomi nimemwambia hivyo. Nimemwonyesha hata kitenge cha kunifunika siku ya mwisho. Watu wanatoka hapa wakisema mwalimu amekuwa na amani ya ajabu.

Si kweli. Siko tayari hata kidogo. Kila wanaponisifu kwa amani yangu, mimi ninawaza kona ya pili ya Sekenke.

Elibariki akaniuliza. "Shangazi Naomi amesema upole. Wewe mwenye gari unasemaje?"

Nikamuuliza kama maagizo ni mamoja kwa gari zima. Akasema hapana, gari hili laweza kupewa maneno tofauti kwa kila gia. Nikajikuta nimeshasema, kwa sauti ya darasani ambayo sikujua bado ninayo: "Gia zote mpe Naomi. Ya tatu mwachie bibi yako."

Alinitazama. Hakucheka.

"Haitakuwa ile ya Mjapani," akasema. "Itakuwa ya kwetu, kwa mafuta ya kwetu. Haitagonga. Ila utaisikia mgongoni."

Nikaomba niketi ndani wakati anafanya kazi hiyo. Akanishika mkono, akaniweka kiti cha dereva, akanifunika blanketi, akasema jambo moja tu: nikishaingia nisifungue mlango, nisiguse kitufe chochote, mpaka aseme. Hapo katikati boksi linakuwa limefutwa na halijaandikwa. Likishtuliwa, linabaki hivyo.

Nikauliza linabaki vipi.

"Linabaki halijui kitu, Bibi."

Kwa hiyo nikakaa. Jua likaingia kwa kioo cha mbele na kunilalia mapajani kama paka. Feni fulani ndogo ilikuwa inazunguka mahali nisipopaona. Taa za dashibodi zikawaka zote, zikazimika, moja ikabaki inapepesa. Nikajua ndio wakati wenyewe: yule kijana mwembamba anashuka. Nilimwona waziwazi, anafunga mlango polepole asiniamshe, anakwenda zake katika ukungu bila kofia. Nilitaka kumshukuru nikakumbuka nimekatazwa kugusa mlango.

Halafu kukawa na utupu. Gari halikuwa lake, na langu halijawa. Halikujua kukimbia wala kusimama. Na mimi ndani yake sikuwa mwalimu, sikuwa mama wa mtu, moyo wangu niliusikia kama saa ya chumba cha jirani. Nikajiuliza kama kufa ndivyo kulivyo. Kama ndicho kile ninachokiogopa, mbona kuna jua. Kilichonitia hofu kilikuwa kingine: kwamba kutoka pale hakukuwa mikononi mwangu. Kulihitaji mtu wa nje, mwenye subira, asiyeondoa macho kwenye kazi yake.

Nadhani nilisinzia. Nilisikia Elibariki akigonga kioo kwa ukucha.

"Washa, Bibi."

Vidole havikuwa na nguvu, nikatumia mikono miwili. Nikazungusha ufunguo. Yule mwanamke akasema maneno yake ya Kijapani, yaleyale, kwa adabu ileile, kana kwamba hakuna aliyeondoka. Elibariki akasema huyo mwanamke hakuguswa, anakaa kwenye kifaa kingine. Nikamwitikia salama mama, na sauti yangu ikapasuka katikati, na Elibariki akageuka kwenda kukunja waya zake, akizikunja kwa uangalifu mwingi kuliko zinavyohitaji.

Naomi aliporudi alilizungusha mpaka kwenye njia ya kisima na kurudi, kwa gia ya kwanza na ya pili, kwani njia hiyo haitaki zaidi. Akashuka akitabasamu. "Limekuwa pole, Mama. Sasa tutakwenda kwa amani."

Nikasema amina. Elibariki alikuwa anakunywa chai, ikampalia.

Jumatano tunakwenda hospitali. Daktari amesema safari hii nije na nguo za kulala, na hakusema za siku ngapi. Naomi ameshazipiga pasi, ziko kitandani hapa karibu nami zimekunjwa vizuri, na kile kitenge cha kunifunika amekiweka chini yake akidhani sikumwona.

Kwenda ni kuteremka. Kuteremka hakuhitaji nguvu, gari hushuka lenyewe, hata lingekuwa halijui kitu. Gia ya tatu niliyoiomba haina kazi kwenye safari ya kwenda. Sekenke hupandwa wakati wa kurudi.

Nami ndiyo niliyoiomba, kwa sauti ya darasani, mbele ya shahidi. Sasa nakaa hapa na upepo wangu na blanketi zangu mbili nikijiuliza: mtu aliye tayari huomba gia ya kupandia?