Ukuta wa Bwire kule Kariobangi

Kayole,
6 Septemba 1997

Everline,

Wewe bado ni mtoto wangu ama hospitali ya Nakuru ilikununua? Tangu Pasaka sijaona hata kisigino chako. Kila Jumamosi napika chakula cha watu watatu, nakaa mlangoni, halafu nakula na majirani. Usiniambie kazi. Hata wanaofua shuka za wagonjwa hupewa likizo. Mimi mzima, ila goti linanisumbua nikipanda ngazi. Khavere anaendeleaje? Ameota meno ya mbele? Mwambie nyanya yake amemkasirikia mama yake, si yeye.

Anayeandika ni Lydiah, jirani wa chini, fundi wa nguo. Mimi na kalamu hatujuani, unajua. Na kwa kuwa yeye ni Mkikuyu nasema Kiswahili, si lugha yetu, aandike vile nasema, asiniongezee adabu yake.

Sasa sikia. Mume wako ameacha kazi ya kiwanda cha sabuni. Ameungana na mtu anaitwa Muriuki, aliyekuwa akibebea watalii mizigo mlimani. Wamekodi godauni Kariobangi, wakapigilia mawe ukutani. Watu wanalipa kuingia, wanapanda ule ukuta humo humo ndani ya nyumba mpaka karibu na mabati, halafu wanashuka. Nikauliza, huko juu kuna nini? Naambiwa hakuna kitu. Wanashuka hivyo hivyo, mikono mitupu!

Kuja uone mambo ya Bwire. Mimi siwezi kumuuliza, ni mkwe wangu.

Mama yako


Nakuru,
12 Septemba 1997

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Khavere. Meno ameota, mawili, makubwa kama ya sungura. Hilo goti lipake ile dawa niliyokutumia, usiifiche kabatini ukingoja wageni.

Habari ya ukuta ninayo. Ndiyo sababu siji. Bwire aliniambia akiwa amekwisha kuacha kazi, si kabla. Nilipoanza kuuliza, akavaa viatu akatoka. Huyo ndiye Bwire, Mama. Tangu tuoane, nikifungua mdomo yeye anafungua mlango. Nimechoka kugombana na kiti kitupu.

Hospitali inanipa chumba, changu mimi na Khavere, na wanataka jibu mwisho wa mwezi. Nikikubali, nahamia huku kabisa na mambo ya Bwire yameisha. Nakuomba uende Kariobangi ukaangalie hicho kitu kwa macho yako. Kila mtu ananiambia maneno ya kunituliza. Wewe hujawahi kunituliza hata siku moja. Ukiona ni upuzi, nifungie vyombo vyangu, sufuria zote na ile meza ndogo, uvitume kwa basi. Sitauliza mara mbili.

Msalimie Lydiah, najua ndiye anayekusomea hii.

Mtoto wako,
Everline


Kayole,
21 Septemba 1997

Everline,

Tuko wazima, lakini ni Mungu tu, maana jana nimeona mambo.

Tulienda mimi na Lydiah. Ndani ya godauni kuna ukuta wa mbao uliopindapinda, umejaa vijiwe vya rangi, vyekundu, vya manjano, kama mtu amemwaga njugu zikaganda hapo. Kamba moja ilikuwa inaning'inia bure, nikaivuta kwa uzito wangu wote, na unaujua uzito wangu. Haikulalamika. Lakini mabati yanavuja upande mmoja. Choo ni cha jirani, ufunguo unaombwa kwa muuza makaa. Na chai hakuna. Mtu anahangaika na ukuta mzima, anashuka anatetemeka, hakuna hata kikombe cha chai! Nilimwambia Lydiah aandike hiyo kwa herufi kubwa, akakataa.

Chini wametandika magodoro. Nikapiga magoti niyabonyeze. Ni mazito kuliko unalolalia wewe. Muriuki akaanza kupiga kelele, "Mathe, si hapo, toka hapo!" Nikainua macho nione kuna nini.

Ewe mwanangu. Juu kabisa mtu amening'inia, kaptura fupi, mishipi imemkaba mapaja, makalio yote yananitazama mimi. Nikasema kwa sauti, "Huyo hana mama?" Akageuka. Bwire!

Nikajifunika leso kichwa kizima. Yeye akaukumbatia ukuta. Mimi niko juu ya godoro pale pale anapotakiwa kutua, goti limekataa kuinuka. Na yeye atashukaje mbele ya mama mkwe akiwa vile? Muriuki ameshika kamba, haelewi kitu, anamwita:

"Bwire, shuka basi!"

"Siwezi."

"Umeshikwa na misuli?"

"Huyo ni mama mkwe wangu!"

"Si ni vizuri? Msalimie!"

"Kwenu hakuna wakwe?" nikamuuliza Muriuki kutoka ndani ya leso.

Lydiah akamjibia Mkikuyu mwenzake: "Wako, lakini hatuwaachi ukutani." Akanishika makwapa, akanivuta mpaka nyuma ya mbao, akaniketisha nikitazama upande mwingine. Bwire akashuka, akavaa suruali, akanisalimia kutoka mbali. "Mulembe, Mama." Basi. Tangu mlipooana hayo ndiyo maneno yote niliyowahi kupata kwake, salamu na asante ya chakula. Sikumlaumu, ndiyo heshima.

Nilitaka twende nyumbani, lakini huyu huyu anayeandika akasema lazima ajaribu. Nikamwambia, una watoto wewe. Akaazima suruali ya Muriuki, akaenda. Mimi nilisikia tu, sikugeuka. Alianza akicheka. Baadaye kicheko kikaisha. Akasema, "Nakufa." Alikuwa amekwama katikati, haendi juu, haendi chini, analia. Na aliyeshika kamba yake ni Bwire.

Nikangoja amkemee. Wanaume wote ninaowajua wangemkemea.

"Lydiah, niko hapa," akamwambia. "Pumua. Sina haraka."

Akamuuliza anashona nini siku hizi. Lydiah akasema sare za shule, huku analia. Bwire akamuuliza kola anazikataje. Akamwambia kuna jiwe la manjano karibu na goti lake la kushoto, alitafute polepole na mguu. Lydiah akamtukana. Nasema alimtukana, maneno ambayo sasa anakataa kuyaandika. Bwire akamjibu, "Sawa, tukana, lakini usiache kushika." Akaendelea hivyo, maneno mengine ya kuchekesha, mengine ya kumtuliza, mpaka mimi nikasahau goti langu. Lydiah alifika juu. Tazama mwandiko wake leo uone vile vidole vimevimba.

Everline, mume wako ana mdomo! Mimi nilidhani Mungu alimnyima.

Vyombo sijafunga.

Mama yako


Nakuru,
24 Septemba 1997

Mama,

Salamu. Sisi wazima, sina cha kuongeza hapo.

Nilikutuma uniangalilie ukuta, umerudi na sifa za sauti! Wateja wapo? Kodi inalipika? Hiyo mbona hukusema?

Na kama anaweza kukaa mchana kutwa akimuuliza Lydiah habari za kola, mimi kwa nini niliolewa na bubu? Ulidhani nitafurahi kusikia? Nimelia, Mama. Heri ungeniambia amelewa.

Mwisho wa mwezi ni Jumanne. Funga vyombo.

Mtoto wako,
Everline


Kayole,
27 Septemba 1997

Everline, mtoto mkaidi,

Mimi mzima, na wewe najua si mzima, kwa hivyo sikuulizi. Barua hii nimempa kondakta wa basi, posta itachelewa.

Wateja: Jumamosi wanajaa, katikati ya wiki ni paka tu. Kodi: nilimtuma Lydiah akaulize. Wanalipa, halafu hawabaki na kitu. Pale panapovuja panavuja bado. Kama unatafuta mshahara wa kila mwezi, ule ukuta si mshahara. Haya, nimekutuliza?

Kwa nini haongei na wewe, sijui, na sitakutungia uongo. Lakini wiki nzima nimekuwa nikiwaza. Lydiah alimtukana mpaka ukoo na Bwire hakwenda mahali. Angeenda wapi? Akiachia kamba, mtu anaanguka. Kwenu nyumbani hajashika kitu, mkianza kugombana viatu viko karibu.

Sufuria zako zimekaa vile vile na sizigusi. Ukizitaka utakuja kuzibeba mwenyewe. Usilie peke yako huko kama mtu asiye na mama.

Hospitali usiijibu kabla ya Jumanne jioni. Panda basi la Jumatatu asubuhi, Khavere akose shule siku moja, hatakufa. Ukifika usije kwangu. Usimsalimie mtu, usiende kubadilisha nguo. Nenda moja kwa moja Kariobangi, Lydiah atakungoja mlangoni, mwachie mtoto. Vaa suruali, ile nzito. Mwambie Bwire akufunge mishipi na kamba aishike yeye, si Muriuki. Panda mpaka chini ya mabati. Ukiwa huko juu muulize yote, anzia kiwandani, na usishuke mpaka akujibu.

Mama yako